Maziwa hayatoi tina mwilini: njia ya viyeyushi kutoka puani hadi kwenye mafuta ya mwili

Pita jioni kwenye gereji ya kupiga rangi magari. Si ajabu kumkuta fundi amekaa juu ya tairi na pakiti ya maziwa mkononi. Amepuliza rangi kutwa, kichwa kizito, koo linawasha, na aliyempa kazi amemnunulia maziwa "ya kusafisha kifua". Seremala wa vanishi hufanya hivyo hivyo. Mama ambaye mtoto wake amekunywa mafuta ya taa naye hukimbilia maziwa kabla ya kukimbilia zahanati. Imani hii ina nguvu kiasi kwamba kuna mafundi wanaohesabu maziwa kuwa sehemu ya ujira wao.

Maziwa ni chakula kizuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini tina ya fundi rangi haikupita tumboni wala haikai tumboni. Ukifuata safari yake mwilini, hakuna kituo hata kimoja ambapo maziwa yanakutana nayo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kiyeyushi ni kimiminika kinachotumika kuyeyusha vitu ambavyo maji yameshindwa: rangi ya mafuta, gundi, grisi, vanishi. Tina ni kiyeyushi, na mara nyingi ni mchanganyiko wa vimiminika kadhaa. Tolueni na zailini ni majina unayoweza kuyakuta kwenye lebo ya kopo. Gundi ya viatu na ya sponji huwa na tolueni, au heksani, au vyote viwili. Petroli ni mchanganyiko wa aina hiyo pia, na ndani yake mna kiasi kidogo cha benzeni. Mafuta ya taa yamo kwenye ukoo huohuo.

Mkulima asidhani haya ni ya watu wa mjini. Chukua chupa ya dawa ya wadudu uangalie kama jina limefuatwa na herufi EC. Hiyo maana yake ni kwamba sumu yenyewe imeyeyushwa kwanza kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta, mara nyingi zailini au ndugu zake, ndiyo maana ukiimimina kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo anayechanganya dawa hiyo kwa mikono mitupu anagusa vitu viwili kwa mpigo, sumu ya wadudu na kiyeyushi kinachoisaidia kupita kwenye ngozi.

Mlango mkubwa ni pumzi

Viyeyushi vingi hukauka upesi, na fundi anavipenda kwa sababu hiyo. Lakini kilichokauka hakijapotea. Kimegeuka mvuke, na mvuke huo uko kwenye hewa unayovuta.

Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno. Kuta hizo zikitandazwa chini zingefikia takribani mita za mraba 70, zaidi ya sakafu ya darasa la kawaida. Upande mmoja wa ukuta kuna hewa, upande wa pili kuna damu. Mvuke wa tina hupita hapo bila kubisha hodi. Kwa tolueni, takribani nusu ya kile unachovuta hubaki mwilini. Nusu nyingine unaitoa unapopumua nje.

Hapa kazi yenyewe inaongeza tatizo. Mtu aliyekaa ametulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayepiga msasa, anayebeba mlango au anayesukuma gari anaweza kuvuta lita 30 na zaidi. Watu wawili wakiwa chumba kimoja chenye mvuke uleule, mmoja akifanya kazi ya jasho na mwingine akisimamia tu, wa jasho ataondoka na mzigo mkubwa zaidi. Bosi anayesema "mbona mimi nipo humu humu na siumwi" hajazingatia hilo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mvuke wa tina, petroli na gundi ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa chini, hasa mahali pasipo na upepo. Fundi viatu anayefanya kazi ameketi kwenye kigoda, au mtoto aliyelazwa kwenye mkeka katika chumba ambamo baba anapaka vanishi, yuko palepale mvuke unapokusanyika. Anayeingia kwenye shimo la gereji au kwenye tangi kusafisha kwa petroli anaweza kuanguka kabla hajapata nafasi ya kuita mtu, na anayeruka kumwokoa akaanguka juu yake.

Usitegemee pua ikuonye. Ukiingia kwenye chumba chenye tina unasikia harufu kali. Baada ya muda unadhani imepungua. Mara nyingi haijapungua, pua ndiyo imechoka.

Ngozi nayo ni mlango

Ngozi imepakwa mafuta yake ya asili yanayozuia maji. Maji yanateleza juu yake, lakini kiyeyushi kimetengenezwa kuyeyusha mafuta. Fundi anayenawa mikono kwa petroli au tina baada ya kazi anaondoa grisi pamoja na kinga yake mwenyewe. Ile hali ya ngozi kuwa nyeupe, kavu na kupasuka ni alama kwamba ukuta umetobolewa. Kesho yake, kilekile kiyeyushi kinapita kirahisi zaidi.

Kitambaa kilicholowa tina kikiwekwa mfukoni, au ovaroli iliyomwagikiwa petroli ikavaliwa hadi jioni, ni hatari kuliko tone lililoanguka mkononi na kukauka. Nguo inakibana kiyeyushi kwenye ngozi, hakipati nafasi ya kupaa, kinaingia. Glovu nyembamba za hospitali hazisaidii sana hapa, tina huzipenya au kuzilainisha.

Kwa grisi na rangi ya mafuta kuna njia ya zamani na ya bei nafuu: paka mafuta ya kupikia, sugua, futa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni. Inachukua dakika chache zaidi ya petroli.

Kinakokaa

Umewahi kusafiri na kidumu cha mafuta ya taa kwenye basi, karibu na mfuko wa siagi au ndoo ya samli? Ukifika nyumbani samli ina ladha ya taa, ingawa hakuna kilichomwagika. Mafuta hunyonya viyeyushi. Mwilini ni hivyo hivyo.

Kiyeyushi kikiingia kwenye damu, hufika kwanza kwenye viungo vinavyopata damu nyingi. Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea kama asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Na ubongo wenyewe una mafuta mengi: ukiondoa maji yaliyomo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta ya aina mbalimbali. Hii ndiyo sababu kizunguzungu na ulevi huja ndani ya dakika chache. Kijana anayevuta gundi analewa kwa njia hiyohiyo, na moyo wake unaweza kupoteza mapigo na kusimama ghafla, hata kama ni mara yake ya kwanza.

Mtu akitoka nje kwenye hewa safi, damu huanza kusafishika. Sehemu ya kiyeyushi hurudi kwenye mapafu na kutoka kwa pumzi. Sehemu kubwa huenda kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye maji ili kitoke kwa mkojo. Tolueni, kwa mfano, hugeuzwa kuwa asidi iitwayo hipuriki, na maabara zenye vifaa zinaweza kuipima kwenye mkojo wa mfanyakazi mwishoni mwa zamu. (Kipimo hicho kina kichekesho chake: dawa ya kuhifadhia inayowekwa kwenye baadhi ya soda na juisi, sodiamu benzoeti, nayo hugeuzwa na ini kuwa asidi hiyohiyo. Mfanyakazi aliyekunywa soda mbili mchana anaweza kuonekana amevuta tina kuliko alivyovuta.)

Saa chache baadaye kichwa kinapoa, na fundi anasema imetoka. Kwenye damu imepungua kweli. Kwenye mafuta ya mwili bado ipo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, tumboni na kiunoni hupata damu kidogo, kwa hiyo hujaa taratibu na humwaga taratibu. Zailini iliyokwisha kujificha humo inaweza kuchukua siku mbili hadi tatu ili nusu yake tu itoke. Fundi anayelala Jumatatu usiku hajamaliza ya Jumatatu. Asubuhi ya Jumanne anaongeza nyingine juu yake. Kufikia Jumamosi ghala limejaa kuliko lilivyokuwa mwanzoni mwa wiki. Jumapili moja haitoshi kulimaliza.

Mtu mnene ana ghala kubwa, hivyo hubaki na kiyeyushi kwa muda mrefu zaidi. Mwembamba ana ghala dogo, hulewa upesi na kusafishika upesi. Hakuna aliye salama kwa umbo lake.

Tuseme ukweli pia, ili tusitishane bure: tina haikai mwilini miaka na miaka kama risasi inavyokaa kwenye mifupa. Mtu akiacha kabisa kuivuta, ndani ya wiki chache ghala linakuwa karibu tupu. Kinachobaki ni madhara yaliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua "dawa ya kusafisha sumu mwilini" inayouzwa stendi.

Sasa turudi kwenye pakiti ya maziwa. Maziwa yanashuka tumboni. Kiyeyushi kimepita mapafuni na ngozini, kiko kwenye damu, ubongo na mafuta. Hakuna mrija unaoyakutanisha. Na kama ni petroli au mafuta ya taa yaliyomezwa, maziwa yanaweza kumtapisha mtu, na kutapika ndiko kunakoua. Mafuta haya ni mepesi, yakipanda kooni huteleza kwenye njia ya hewa, na kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni hutawanyika na kuyaunguza. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, asipewe maziwa, asipewe mafuta ya mawese. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kukohoa na kupumua kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Bodaboda anayefyonza petroli kwa mdomo na mpira anacheza na hatari hiyohiyo.

Ini linapogeuza kibaya kuwa kibaya zaidi

Tumesema ini hubadilisha viyeyushi. Kwa bahati mbaya, si kila mara mabadiliko hayo huleta nafuu.

Heksani ya kwenye gundi ni mfano. Ini huigeuza kuwa kitu kinachoharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu kuliko yote, inayokwenda miguuni. Mtu huanza kuhisi ganzi kwenye vidole vya miguu, kisha miguu inakuwa mizito, kiatu kinamponyoka bila kujua. Miaka ya 1960 madaktari waliliona hili kwa mafundi wa viatu na ndala huko Japani na Italia, wengi wao wakifanya kazi ndani ya vyumba vya nyumbani vilivyofungwa. Mwaka 2009 lilirudi katika mji wa Suzhou, China: kiwanda cha skrini za simu kilianza kutumia heksani kufutia vioo badala ya spiriti kwa sababu inakauka haraka, na wafanyakazi zaidi ya 100 wakaumia. Simu unayosomea makala hii ina skrini ya aina hiyo. Kinachotatiza zaidi ni kwamba ganzi ya heksani inaweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya mtu kuacha gundi, ndipo nafuu ianze. Wengine hukata tamaa hapo na kurudi kwenye gundi, wakiamini haikuwa chanzo.

Methanoli ni tofauti, kwa sababu yenyewe haipendi mafuta, inapenda maji, hivyo hutawanyika mwili mzima. Ni kiyeyushi cha viwandani kinachofanana sana na pombe kwa macho na kwa harufu, na wauzaji wasio na huruma huichanganya kwenye pombe haramu. Ini huigeuza polepole kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Ndiyo maana mnywaji anaweza kulala vizuri na kuamka kesho yake anaona ukungu, au haoni kabisa. Mwezi Mei 2014, Kenya ilipoteza watu zaidi ya 80 kwa pombe ya aina hiyo, katika kaunti kadhaa kwa siku chache, na wengine walibaki vipofu. Mtu akilalamika kuona ukungu siku moja baada ya kunywa pombe asiyoijua, hospitali haingoji asubuhi.

Dawa ya kubandua rangi ya zamani yenye dikloromethani nayo hugeuzwa ndani ya mwili kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa chumbani. Na benzeni ya kwenye petroli, ikivutwa miaka mingi, huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu; imethibitika kuwa inasababisha saratani ya damu.

Kuhusu bia baada ya kazi: ini likiletewa pombe na tina kwa pamoja, hushughulikia pombe kwanza. Tolueni na zailini hubaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anayesema anakunywa "kukata tina" anairefushia kukaa.

Maziwa yanayohusika kweli

Kuna maziwa ambayo yana uhusiano wa kweli na viyeyushi, nayo ni ya mama. Maziwa ya mama yana mafuta, na kiyeyushi kinachozunguka kwenye damu yake huingia humo. Mwaka 1977 madaktari nchini Canada waliandika habari za mtoto wa wiki sita aliyekuwa na manjano. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha nguo za ngozi kwa kiyeyushi, na mama alikuwa akimtembelea pale wakati wa chakula cha mchana. Kiyeyushi kilipatikana kwenye maziwa yake. Aliposimamisha kunyonyesha, mtoto akapona.

Hatusemi mama aache kunyonyesha. Tunasema anayenyonyesha au mwenye mimba asikae kwenye karakana ya gundi, asipake rangi chumba cha mtoto kwa tina, asifue ovaroli ya petroli kwa mikono akiwa amejifungia ndani. Kondo la nyuma halizuii tolueni, na watoto waliozaliwa na mama wanaovuta gundi au tina ili kulewa wamezaliwa wadogo, wengine wakiwa na athari za ubongo.

Kinachosaidia

Hewa inayopita ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi. Rangi na vanishi zipakwe nje, au milango na madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili upepo uingie huku na kutokea kule. Simama upande upepo unakotoka. Kopo lisilotumika lifunikwe. Kopo la gundi lililoachwa wazi kutwa linamvukia fundi hata asipoligusa. Chakula kiliwe mbali, baada ya kunawa kwa sabuni.

Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali huzuia vumbi, lakini mvuke unapita kama hakuna kitu. Inayozuia mvuke ina vichujio vya mkaa maalumu pembeni, na vichujio hivyo hujaa. Ukianza kusikia harufu ndani yake, vimekwisha. Kuvipuliza au kuvianika juani hakuvirudishii uhai.

Ukianza kuona ganzi miguuni, kusahau kusiko kwa kawaida, kichwa kuuma kila siku ya kazi na kupoa siku za mapumziko, nenda zahanati, na usiseme tu "kichwa kinaniuma". Mhudumu atafikiria malaria. Mwambie unafanya kazi gani, kwa muda gani, ndani au nje. Kabla ya kutoka nyumbani piga picha lebo ya kopo kwa simu yako, upande wenye maandishi madogo, umwonyeshe. Kama ni gundi iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, mpigie aliyekuuzia akutumie picha ya kopo kubwa aliloitolea.